Mafuta ya Mbegu za Pamba

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Jumatatu ya tarehe 3 Aprili 1961, katika bweni la pili la gereza la wanawake kaskazini mwa Kairo, walihesabiwa wanawake arobaini na mmoja na picha moja. Sajini Tafida aliita majina kutoka kwenye daftari. Alipofika kwa Nabawia Abdelsalam, picha iliyoegemezwa juu ya godoro la nne kutoka mlangoni ilijibu, "Nipo." Sajini alitia alama akaita jina lililofuata. Mwisho aliandika arobaini na mbili, na chini yake neno ambalo kila ukurasa wa daftari lile ulimalizikia nalo: tamamu. Maana yake hesabu imetimia, hakuna la kuongeza.

Picha ilikuwa na upana wa sentimita arobaini na tano na urefu wa sitini, rangi za mafuta juu ya turubai. Ilimwonyesha mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyevaa nguo nyeupe ya wafungwa, ameketi, mikono iko mapajani, anatazama kushoto. Nabawia mwenyewe alikuwa nyumbani kwake, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Tanta, kilomita tisini kutoka hapo.

Aliyeichora aliitwa Dawlat Zuhdi. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Baba yake alimiliki mashamba makubwa ya pamba mpaka serikali ilipoyagawa. Dawlat alishangilia yalipogawanywa, jambo ambalo baba yake hakumsamehe. Kisha akaandika vipeperushi juu ya wakulima ambao hawakupata hata robo ekari, jambo ambalo serikali haikumsamehe. Hakushtakiwa. Alizuiliwa kwa amri, na amri haikuwa na tarehe ya mwisho. Mkuu wa gereza, Meja Sabri, alimruhusu kuchora kwa sharti kwamba kila picha iwe mali ya gereza, iandikwe namba nyuma, na isiwe na bendera wala ngumi iliyoinuliwa. Dawlat alikubali. Alikuwa hajawahi kuchora ngumi. Alisema ngumi ni ngumu kuliko uso, na watu huzichora kwa sababu hawajui kuchora viganja.

Jambo lenyewe lilianza Januari. Tarehe 16 Dawlat alimketisha Nabawia kwenye kigoda karibu na dirisha, akamchora kwa siku nzima. Alipomaliza jicho la pili, kigoda kilikuwa kitupu. Dawlat aliosha brashi zake. Jioni jina la Nabawia lilipoitwa, picha iliitika. Sajini Tafida aliitazama kidogo, akamwuliza Dawlat kama rangi ile inachafua godoro. Dawlat alimwambia inachafua, na sajini akaagiza kipande cha gunia kiwekwe chini.

Siku ya nne rangi ilikauka, na Nabawia akawa amelala juu ya godoro lake, visigino vimeganda matope. Aliyemwona kwanza alikuwa Zakia, mwizi wa sokoni mwenye miaka zaidi ya sitini, jirani yake wa godoro.

"Umetoka wapi?" aliuliza Zakia.

"Nyumbani."

"Kwenu kuna mkate?"

"Upo."

"Na hukuleta."

Dawlat aliandika katika daftari lake dogo: picha ya kumi na nne, mafuta ya kitani, rangi nyembamba, siku nne. Wiki iliyofuata alimchora Zakia ili kuhakikisha. Zakia alikwenda mtaani kwake siku tatu na nusu. Alirudi akilalamika kwamba wanawe wameuza kitanda chake, na kwamba dengu za gerezani, ukiondoa mawe, ni afadhali kuliko za mkwewe. Baada ya hapo hakutaka kuchorwa tena. Dawlat hakujichora. Kwa kujichora mtu anahitaji kioo, na vioo vilikatazwa.

Nabawia alikuwa na kifungo cha miaka saba, na alikwisha kutumikia mitatu. Kosa lake lilikuwa kilo moja na nusu ya hashishi, iliyokutwa katika mnara wa njiwa uani kwake. Hashishi ilikuwa ya mumewe, Metwalli. Polisi walipobisha, Metwalli alimwambia mkewe kwamba mwanamume atapewa miaka kumi na mitano, lakini mwanamke mwenye mtoto wa miaka mitatu atahurumiwa, labda mwaka mmoja. Aliapa kwa msahafu kwamba atamwekea wakili na hataoa. Nabawia aliwaambia polisi kwamba mali ni yake mwenyewe. Wakili hakuja.

Nje ya hesabu, gerezani hakuna aliyemwita Nabawia. Aliitwa Mama Fikria, kwa jina la binti yake, na aligeuka haraka zaidi kwa jina hilo kuliko kwa lake.

Alichokikuta nyumbani Januari alikieleza mara moja tu, huku akikwangua matope visiginoni. Metwalli alikuwa ameketi mezani akipima hashishi kwenye mizani ndogo. Hakuificha. Alimwambia asogee kidogo, anamzibia mwanga. Kulikuwa na mke mwenza, msichana wa miaka kumi na tisa anayeitwa Rawya, akifua kwenye beseni la shaba ambalo Nabawia aliingia nalo nyumbani siku ya harusi yake. Rawya aliinuka, akajifuta mikono, akamwekea chai. Fikria, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alijificha nyuma ya tanuri la mkate. Alipotoka alimwita Rawya Mama, na kumwita Nabawia Shangazi, kama mtoto anavyomwita mwanamke yeyote anayepita.

Dawlat alisema hapo kuna ushahidi. Mume ameonekana akipima mali, tarehe inajulikana, saa inajulikana. Alitaka kuandika ombi kwa ofisi ya mwendesha mashtaka.

"Andika ukitaka, Bi Dawlat," alisema Nabawia. "Mimi nataka mtoto anijue. Nimebakiza miaka minne. Akifika kumi atakuwa amekwisha kuwa na mama."

Dawlat aliandika ombi, kurasa mbili, bila kivumishi hata kimoja. Kisha akaomba kumwona mkuu wa gereza. Meja Sabri alikuwa mtu mnyoofu aliyetoka jeshini akiwa na goti bovu. Watu walimwita Bey, ingawa cheo hicho kilikuwa kimefutwa na sheria karibu miaka tisa kabla. Dawlat alimwomba aambatanishe barua fupi ya kuthibitisha kwamba tarehe 16 hadi 20 Januari Nabawia Abdelsalam hakuwa gerezani.

"Unataka niandike kwamba wafungwa wangu wanatoka?"

"Nataka uandike kilichotokea."

"Kilichotokea kimeandikwa, Bi Dawlat. Siku zote nne tamamu." Alimwonyesha daftari. Ilikuwa kweli. "Ningekuwa na mfungwa pungufu ningejua. Mimi sina mfungwa pungufu."

Ombi lilipelekwa bila barua.

Mwishoni mwa Machi mafuta ya kitani yaliisha. Dada yake Dawlat alileta chupa mpya, lakini askari wa lango aliikataa, kwa kuwa kanuni zilikataza chakula cha mafuta kutoka nje. Dada alimweleza kwamba ni mafuta ya kuchorea, hayaliwi. Askari alichovya kidole, akalamba, akasema yanalika. Chupa ilibaki langoni, na kwa siku kadhaa askari wa zamu waliyatumia kwenye maharage.

Basi Dawlat alikwenda jikoni akaomba mafuta ya mbegu za pamba, yale yale ya kukaangia biringani. Kila aliyesoma uchoraji anajua kwamba mafuta hayo hayafai. Hayagandi juu ya turubai kama ya kitani. Yanabaki yanateleza, yanavuta vumbi, na picha inaweza kukaa mwezi mzima ikichafua kila anayeigusa. Katika chuo alichosoma Dawlat mwanafunzi aliyeyatumia alifukuzwa studio kwa siku hiyo. Dawlat alirudi bwenini na birika la mafuta limejaa nusu.

Alimweleza Nabawia jambo hilo kama lilivyo.

"Kwa hiyo yatakauka lini?"

"Sijui. Huenda wiki tatu. Huenda zaidi."

Nabawia alikaa kwenye kigoda, akapanga mikono yake mapajani. "Basi nipake mengi," alisema.

Dawlat alimpaka mengi. Mashavu peke yake yalichukua robo ya rangi ya udongo aliyokuwa nayo. Alimaliza jicho la pili saa tisa na nusu alasiri, tarehe 3 Aprili, na jioni hesabu ikawa tamamu.

Yaliyotokea nyumbani yanajulikana kwa maneno ya Nabawia mwenyewe, na yalithibitishwa baadaye na Rawya. Metwalli aliuliza atakaa mpaka lini. Nabawia alisema mpaka akauke. Metwalli alisema hapana taabu, mradi asiongee na majirani. Rawya alimtandikia juu ya tanuri, mahali penye joto, akamwonyesha unga ulipo na sukari ilipo, kana kwamba Nabawia ni mgeni, kisha akaona haya. Nabawia alimwambia asione haya, vitu amevipanga vizuri.

Hakumlazimisha mtoto. Siku tano za kwanza alioka mkate na kumwachia Fikria kipande cha pembeni, kilichoungua kidogo, ambacho alikumbuka kwamba mtoto alikipenda akiwa mdogo. Bado alikipenda. Siku ya sita mtoto alikaa karibu naye. Siku ya nane ilikuwa Sham en-Nesim, sikukuu ya kunusa upepo wa masika. Yeye, Rawya na Fikria walichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu, wakaenda kukaa kando ya mfereji na vitunguu vibichi na samaki wa chumvi. Fikria alimwuliza Nabawia kwa nini ananuka rangi. Nabawia alimjibu kwamba huko anakokaa kuna mwanamke anayechora.

"Anachora nini, Shangazi?"

"Watu."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Amekuchora ukifanya nini?"

"Nimekaa nasubiri."

Mtoto alisema hiyo si picha nzuri, angemchora akikimbia. Nabawia alikubali.

Bwenini, picha ilipata mgao wake wa mkate kila asubuhi, na Zakia akaula kwa niaba yake. Sajini Tafida, ambaye alikuwa na kazi hiyo kwa miaka kumi na minane na hakuwa na mtoto, alizoea kusimama mbele ya picha baada ya hesabu. Alisema inapumua vizuri kuliko baadhi ya walio hai. Jioni moja alimwuliza Dawlat kwa sauti ndogo kama mtoto amekwisha kumzoea. Dawlat alisema hana habari. Picha ilikuwa bado inang'aa. Dawlat alijaribu kona ya chini kwa ukucha kila siku na kuandika: mbichi.

Tatizo lilikuja na habari kwamba mkaguzi kutoka wizarani angefika Jumapili, tarehe 30 Aprili. Meja Sabri alipita mabwenini kuangalia kitakachoonyeshwa. Aliipenda picha. Alisema itundikwe ofisini mwake, akaishika kuipima uzito, na rangi ya shavu la Nabawia ikabaki kwenye mkono wa sare yake. Aliuliza imechorwa lini. Aliposikia wiki tatu zilizopita, alisema huo ni uzembe, akamwamuru Sajini Tafida aipeleke juu ya paa ikauke kwa jua.

Sajini Tafida aliipeleka juu ya paa. Aliiweka upande wa kaskazini wa tangi la maji, imeelekea ukutani, akaifunika kwa shuka lenye unyevu. Jioni aliirudisha ikiwa mbichi kama ilivyotoka. Meja alishangaa.

"Siku nzima juani, Sajini?"

"Jua linazunguka, Bey," alisema Tafida.

Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne, Alhamisi ya tarehe 27, ulivuma hamsini, upepo wa joto na vumbi kutoka jangwani. Saa nne asubuhi mbingu ilikuwa ya manjano. Kufikia saa sita mtu hakuona upande wa pili wa uwanja. Upepo uliondoa shuka. Sajini Tafida alipanda ngazi amejifunga mtandio usoni, lakini alipofika, vumbi lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya rangi na joto kuikaanga, na picha ilikuwa kavu na ngumu kama mkate wa juzi.

Nabawia alikuwa ameketi bwenini, nywele na nyusi zimejaa vumbi, mkononi ameshika utepe wa buluu. Zakia alimpa maji. Dawlat alikaa karibu naye. Nabawia alisema:

"Nilikuwa namsuka. Upande wa kulia nimemaliza. Wa kushoto bado."

"Alikuita nini?"

"Shangazi. Leo asubuhi alikuwa bado ananiita Shangazi. Upepo ulipoanza alisema kitu kingine, lakini kulikuwa na kelele ya milango. Sikusikia."

Aliukunja utepe, akauweka chini ya godoro. Jioni aliitika jina lake mwenyewe.

Mkaguzi alifika Jumapili, akakaa saa moja na nusu. Alisema picha ina vumbi lakini vumbi linaifaa. Meja Sabri aliitundika nyuma ya meza yake, akatoa amri ya maandishi kwamba kuanzia siku hiyo mfungwa Dawlat Zuhdi achore miti, majengo na vyombo, si watu, kwa kuwa watu wanachukua muda mrefu kukauka. Mpishi aliagizwa kupima mafuta asubuhi na jioni.

Jumanne, tarehe 2 Mei, lilikuja jibu la ombi lililoandikwa Januari. Lilikuwa na mistari sita. Ofisi ilikuwa imelinganisha madai na kumbukumbu za gereza. Mlalamikaji anadai kwamba tarehe 16 Januari alimwona mumewe nyumbani akipima dawa za kulevya. Kumbukumbu zilizotiwa saini zinaonyesha kwamba tarehe hiyo, na zote zilizofuata, mlalamikaji alikuwepo bwenini na aliitika jina lake. Kwa hiyo madai ni ya uongo. Ombi limekataliwa na mlalamikaji anaonywa. Dawlat alilisoma mara mbili kwa sauti, kwa sababu Nabawia hakujua kusoma. Nabawia aliuliza kama ni hayo tu. Dawlat alisema ni hayo tu. Metwalli, kwa habari zilizofika baadaye, wakati huo alikuwa Tanta akinunua mizani kubwa zaidi.

Alhamisi, tarehe 4 Mei, ilikuwa siku ya wageni. Saa nne na robo karani wa lango aliandika jina la Rawya, miaka kumi na tisa, pamoja na mtoto mmoja wa kike. Alimwuliza uhusiano wake na mfungwa. Rawya alifikiri. Nafasi ya kuandikia katika daftari ilikuwa ndogo, na karani alikuwa na haraka.

"Dada," alisema Rawya. "Mimi mdogo."

Chumba cha wageni kiligawanywa kwa wavu wa waya kutoka sakafuni hadi darini. Matundu yake yalitosha vidole viwili. Upande wa ndani walisimama wanawake kumi na watano, wote wamevaa nyeupe, wote wanaita kwa pamoja. Rawya alisimama mlangoni akiwatazama mmoja mmoja. Fikria alimwachia mkono, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye wavu mbele ya Nabawia.

Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umesukwa, na nywele ndogo zimeanza kuchomoka. Upande wa kushoto ulikuwa umefumuka wote, una vumbi la hamsini, una majani makavu.

"Wiki nzima amekataa nimguse kichwa," alisema Rawya kwa nyuma. "Nimemwambia nitamsuka mimi. Hataki. Nimembembeleza kwa halua. Hataki. Wewe jionee mwenyewe."

Mtoto aligeuka, akaegemeza upande wa kushoto wa kichwa kwenye waya. Nabawia alipitisha vidole viwili vya mkono wa kulia katika tundu moja na viwili vya kushoto katika tundu jingine, akavuta nywele kidogo kidogo, akazigawa tatu. Aliondoa majani. Kazi ilikwenda polepole, kwa sababu kila mara alipofika kwenye waya alilazimika kuachia, kushuka tundu moja, na kushika tena. Rawya alichuchumaa akawa anamshikilia mtoto kichwa kisitikisike. Mwanamke aliyekuwa akiita kando yao alisogea pembeni kuwapa nafasi.

Muda wa ziara ulikuwa dakika kumi. Sajini Tafida alikuwa zamu ya chumba hicho. Zilipotimia alipiga kengele, na wageni wakaanza kutoka. Alifika kwenye wavu, akamgusa mtoto begani, akamwambia muda umekwisha, twende. Ulikuwa umebaki urefu wa kidole kimoja.

"Ngoja," alisema Fikria bila kugeuza kichwa. "Mama hajamaliza."

Sajini Tafida alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini na moja. Nabawia alimaliza saa nne na dakika arobaini na nne.